Thomas Tryon hakuuzwa na sura yake

Mhariri,

Mwigizaji wa televisheni akitoa kitabu, haraka watu husema kinauzwa na jina lake. Wanaosema hivyo wamtazame Thomas Tryon wa Marekani.

Alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1926. Watazamaji walimjua kama Tom Tryon, shujaa wa "Texas John Slaughter", tamthilia ya Disney iliyorushwa kuanzia 1958 hadi 1961. Mwaka 1963 mwongozaji Otto Preminger alimpa nafasi ya kasisi katika "The Cardinal". Filamu hiyo ilimletea uteuzi wa tuzo ya Golden Globe, pamoja na makaripio ya mwongozaji yasiyokwisha. Baadaye aliacha kuigiza, na mwaka 1971 riwaya yake ya kwanza, "The Other", ikatoka. Kwenye jalada aliandika Thomas, si Tom. Anayetegemea sura yake hafanyi hivyo! Kitabu kilikaa miezi zaidi ya 6 katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times.

Waigizaji wengi waliojaribu njia hiyo ya kuandika riwaya huangushwa na mazoea ya skripti. Skripti ya filamu ya saa 2 ina kurasa kama 120, yaani takriban ukurasa mmoja kwa dakika, tena nusu ya kila ukurasa ni nafasi nyeupe. Riwaya ya kawaida hufika maneno 80,000 na kuendelea. Basi mwigizaji huijaza kwa anachokijua, mazungumzo. Yanasomeka vizuri, ila chumba hakina harufu wala mkono hautetemeki. Kwenye seti, mengi ya hayo yalibebwa na mpiga picha, mtu wa taa, mshona mavazi na uso wake mwenyewe. Kwenye karatasi yuko peke yake. Tena huruka kutoka moyo wa mhusika mmoja hadi wa mwingine ndani ya aya moja, kama kamera inavyogeuka, na msomaji hupotea.

Linalosaidia ni kuandika sini (tukio moja la hadithi) nzima kwanza bila neno hata moja la kusemwa, kisha kurudisha yale tu ambayo tendo limeshindwa kuyabeba. Mara nyingi hurudi machache kuliko mwandishi alivyotarajia.

Tryon alilielewa hilo. "The Other" inahusu watoto mapacha, na siri yake imesimama juu ya kile msimulizi anachochagua kusema. Maneno yanaweza kuficha, kamera haiwezi kwa urahisi. Robert Mulligan alipoiongoza filamu ya riwaya hiyo mwaka 1972, kwa skripti ya Tryon mwenyewe, ilibidi mapacha hao wasionekane kamwe ndani ya fremu moja: kamera inamwacha mmoja ndipo inamfikia mwenzake. Mtazamaji makini huanza kushuku mapema, wakati msomaji bado yumo gizani. Tryon hakuridhika na filamu hiyo.

Msomaji wako