Zuhura, lile jedwali lifute

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama mzima ila magoti, watoto wanakula mpaka sufuria linalia. Najua nimekunyamazia tangu Idi na najua umeninunia, tutasuluhishana tukionana. Nimeshika kalamu kwa sababu ya ile sauti uliyonitumia usiku wa manane. Nimeisikiliza, nikairudia, usingizi ukanipaa.

Unauliza kama jedwali alilotuma baba Idrisa kwenye kundi la familia ni la kweli: Warusi wamebakiza makombora ya kuhesabika, Marekani wanayo maelfu, kwa hiyo vita ya Urusi na Ukraine imekwisha na mwanao Idrisa, huko Lublin, Poland, asome kwa amani. Mtoto yuko salama, nitafika huko. Lakini lile jedwali lifute.

Mimi kazi yangu ni stoo, unajua. Mhasibu akitaka kujua kama spea zitatuvusha mwezi, hatazami rafu peke yake, anauliza mzigo mwingine unaingia lini. Jedwali la baba Idrisa lina rafu tu. Na hiyo rafu imehesabiwa na adui wa mwenye duka, akichungulia dirishani.

Hilo neno “yamekwisha” tumelisikia tangu Machi 2022, vita haijatimiza hata miezi miwili. Mwishoni mwa mwaka ule Reznikov, waziri wa ulinzi wa Ukraine wa wakati ule, alikuwa akitoa michoro: Urusi ilikuwa na ngapi, imerusha ngapi, imebakiza ngapi. Watu wakaifurahia. Sasa sikiliza. Novemba 2022 Kyiv ikapigwa, na wachunguzi wa Conflict Armament Research, shirika linalofuatilia silaha za vita zinatoka wapi, wakayachunguza mabaki ya makombora ya Kh-101, yale ya Urusi yanayorushwa kutoka kwenye ndege, wakasoma namba zake. Yametengenezwa mwaka ule ule, mengine miezi michache tu nyuma! Yaani yanatoka kiwandani, yanapakiwa kwenye ndege, yanarushwa. Kwa mtindo huo rafu inaweza kuwa karibu tupu mwaka mzima na duka likaendelea kuuza.

Halafu kuna watafiti wa RUSI, taasisi ya London ya mambo ya ulinzi. Wanasema mwaka 2021 Urusi ilitengeneza makombora 56 ya Kh-101. Mwaka 2023, zaidi ya 400. Pamoja na vikwazo vyote! Ndani yake kuna vidude vya elektroniki vya nchi za Magharibi, vinavyozungushwa kupitia nchi za tatu mpaka vinafika. Hiyo namba ya kwa mwaka ndiyo ya kuitazama, Zuhura, na ndiyo ambayo jedwali la mzazi mwenzio halina.

Kuna jambo moja linanichekesha kwa uchungu. Mwaka 1999 Ukraine ilikuwa na deni la gesi kwa Urusi. Ikalipa kwa ndege za kurushia mabomu, na makombora ya Kh-55, ya zamani kuliko Kh-101, yapatayo 575 juu yake. Deni la gesi! Baadaye, 2022, Warusi wakaonekana wanarusha Kh-55 za zamani zisizo na kichwa cha mlipuko, ziwahangaishe tu walinzi wa anga, wamalizie risasi zao kwa maganda matupu. Moja ikapotea Desemba ile mpaka ndani ya Poland, karibu na Bydgoszcz, ikakutwa msituni Aprili 2023. Miezi yote hiyo imelala kwenye majani.

Hapo najua umeshika kifua. Tulia. Katika mkoa wa Idrisa kombora moja la Urusi ninalolijua ni lile la Machi 24, 2024: lilipita juu ya kijiji cha Oserdów, mpakani kabisa, likakaa kwenye anga ya Poland sekunde 39, likageuka kurudi Ukraine. Mji wa Lublin uko mbali na pale, na jeshi lao lilikuwa linalifuatilia kwenye rada. Mwambie mtoto asiende kutalii mpakani, basi.

Na hao Marekani wa maelfu? Tomahawk, kombora lao, si mgeni kwetu. Agosti 1998, baada ya mabomu ya Nairobi na Dar, siku ya tarehe 20 wakazirusha Afghanistan na kwenye kile kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Marehemu baba yako na redio yake, unakumbuka? Ghala lao ni kubwa, silikatai. Ila usiku wa kwanza wa kuwapiga Wahouthi wa Yemen, Januari 2024, zilikwenda Tomahawk zaidi ya 80. Bajeti ya jeshi lao la majini ya 2023 ilinunua 55. Usiku mmoja umekula zaidi ya manunuzi ya mwaka! Na hela peke yake haiharakishi: ukiagiza leo unasubiri kama miaka miwili, kwa sababu ya vijiinjini vyake na vitu kama hivyo, ambavyo wanaojua kuvitengeneza ni wachache.

Ukraine nao Agosti 2025 wakaonyesha kombora la kwao, Flamingo. Wenye kiwanda walisema wakati ule linafika kilomita 3,000 na wanatoa moja kila siku. Hayo ni ya kusema. Mimi nasubiri mabaki na namba zake, kama nilivyosubiri kwa Warusi.

Kinachoniudhi zaidi ni zile emoji za ngumi za kushangilia anazoziweka baba Idrisa chini ya kila namba. Julai 8, 2024 hospitali ya watoto ya Okhmatdyt, Kyiv, ilipigwa na hiyo hiyo Kh-101. Alishangilia nini siku ile? Lakini tuache, huyo wewe ndiye uliyemchagua, mimi nilisema mapema.

Turudi kwako. Ukisikia tena “yamekwisha”, uliza wanatoa mangapi kwa mwezi. Asiyekujibu, mpe kahawa abadilishe mazungumzo.

Haya, nijibu na wewe. Idrisa ada ya muhula huu imetimia, au bado mnadunduliza? Anapiga simu siku gani, nami nimsalimie? Presha yako umeipima, au unaishi kwa sauti za usiku tu? Bi Mwanaidi kweli anauza nyumba, au ni maneno ya Shani? Sare ya harusi ni ile ya zambarau, na kama ndiyo, nani aliyetuchagulia mateso hayo? Na Mwajuma, hela ya kikoba analeta lini? Nimechoka kumtetea mbele ya wenzetu.

Shoga yako,
Rehema