Barua ya wazi kwa binamu yangu anayeandika vichekesho Malindi

Binamu,

Assalaam aleikum. Kile kichekesho chako cha mgema wa Kigiriama, anayechekwa kwa kusema "mutu" badala ya "mtu", nimekiona. Kilinifikia huku Lamu kupitia simu za watu watatu kabla wewe mwenyewe hujanitumia. Nakuandikia hadharani kwa sababu nacho umekitoa hadharani, na kwa sababu kipaji chako nakijua tangu u mdogo. Lakini sikucheka.

Wakumbuka nilipokuja kwenu Shella, hii ya Malindi, kusoma? Nilitoka Amu, yaani Lamu, na maneno yangu: mato kwa macho, ndia kwa njia, ndoo kwa njoo. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza mbona nimechelewa, nikamjibu nimepotea ndia. Darasa zima likaangua kicheko. Muhula mzima nikaitwa Ndia. Nikajifunza kunyamaza, hata nyumbani kwenu nikawa nalipima neno mara mbili kabla ya kulitoa.

Kilichonifungua kinywa ni televisheni ya ami. Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho, ikianza KBC, nyumba nzima ilihamia sebuleni, na wa jirani wakasimama dirishani. Hapo ndipo alipotokea Mzee Ojwang' Hatari, kichwa kimepakwa weupe wa mvi, Kiswahili chake cha Kijaluo, kila penye "sh" pana "s". Anaamrisha, anadanganya, mwisho ananaswa na Mama Kayai, mkewe wa mchezoni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nimekaa miaka nikijiuliza tulikuwa twacheka nini hasa. Ulikuwa ni ule uongo wake, ulioanza mdogo ukazidi kunenepa mpaka ukamshinda kuubeba. Ungempa Kiswahili cha Unguja mjini, uongo ungebaki pale pale na sisi tungecheka vile vile. Halafu yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Hakuwekwa pembeni ili msemaji wa Kiswahili safi aje amsahihishe. Mimi niliyeitwa Ndia, nilimwona mzee asiyesema kama redio akitawala sebule ya watu, na kesho yake darasani nikainua mkono.

Mwigizaji wake alipofariki, tarehe 12 Julai 2015, nilikuwa nimerudi Lamu. Habari ilinikuta Mkunguni, mbele ya ngome, nimekaa na wazee. Ikasemwa kuwa jina lake hasa ni Benson Wanjau, na kwamba ni Mkikuyu. Mzee mmoja alikataa katakata: yule ni Mjaluo, wasitudanganye! Na hakuwa peke yake, Wakenya wengi waliamini hivyo, kama walivyoamini kuwa Mary Khavere, ndiye Mama Kayai, alikuwa mkewe wa ndoa. Hakuwa.

Lifikirie hilo kama mwandishi. Mtu amebeba ulimi wa watu wengine miaka nenda miaka rudi, tangu kipindi cha Vioja Mahakamani hadi Vitimbi, na taifa zima likadhani ni wake wa kuzaliwa. Hilo haliwezekani kwa mtu anayedharau. Lazima alikaa akawasikiliza watu wale: wanavyoomba, wanavyogomba, wanavyojisifu wakiwa hawana kitu mfukoni. (Miaka yake ya mwisho macho yalimwisha nguvu, hata wananchi wakachanga pesa za kumtibu. Mtu aliyetuchekesha kiasi kile! Hilo laniuma mpaka leo, na lataka barua yake.)

Sasa mtazame mgema wako. Apanda mnazi, ashuka, asema "mutu", kijana wa mjini anamcheka, basi. Hana mke, hana deni, hana hila, hana hata jina. Mpe Kiswahili cha taarifa ya habari uone kama kitabaki kitu cha kuchekesha. Mimi nimejaribu kichwani, hakibaki. Na Wagiriama ndio waliokuzunguka hapo Malindi, binamu. Ndio unaonunua nazi kwao, watoto wao ndio wanaosoma na wako. Yuko mtoto kesho ataitwa Mutu darasani kwa sababu yako, naye atanyamaza.

Kifute, nakuomba, na umwandike mgema upya. Mtu aliye juu ya mnazi aona nyua zote za mtaa. Amwona anayedaiwa kajificha nyuma ya pipa. Amwona bwana fulani akila wali mchana wa Ramadhani, kajiinamia jikoni peke yake. Akianza kushuka, wote wawili wanakimbilia chini ya mnazi, kila mmoja na kibahasha chake, na yeye ana deni dukani la kulipa kabla ya Idi. Je, atapokea? Atapokea cha nani? Akifika nyumbani mkewe ataamini pesa zimetoka wapi? Hayo ndiyo niliyotaka kuyaona. Na mutu wake aiseme tu, kwa raha zake, kama nisemavyo mimi ndia.

Ila kwanza mpe jina. Ukimaliza nipigie, unisomee kabla hujamwita mshika kamera.

Binamu yako,
Amu