Pasheni ya njano haizai ikiwa peke yake

Mhariri,

Maua ya pasheni ya njano yakipukutika, wakulima hulaumu mbolea. Mara nyingi tatizo ni chavua (unga wa kiume wa ua): mche haujirutubishi wenyewe. Panda miche ya mbegu, si vipandikizi vya mama mmoja tu, maana vyote ni mche uleule.

Ua hufunguka adhuhuri na kufunga usiku (la pasheni ya zambarau huwahi alfajiri, nalo hujirutubisha). Chavua yake nzito hubebwa na nyuki wakubwa weusi watoboao mbao. Dawa ya wadudu ipigwe maua yakishafunga. Nyuki wakikosekana, paka chavua ya mche mwingine kwenye vinundu vitatu vya juu katikati ya ua (sehemu ya kike), alasiri isiyo na mvua, maana chavua ikilowa hupasuka.

Msomaji, Tanga