Barua kwa mdogo wangu dereva: bangi ya Ohio na kikopo cha mkojo

Columbus, Ohio
24 Novemba 2024

Kwako mdogo wangu Juma,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima na safari za Tunduma zinakwenda. Sisi huku hatujambo, baridi ndiyo imeanza kuuma; hofu ni kwenu. Mama mpe shikamoo yangu, na Baba Mkubwa pia.

Nimeyasoma mabishano yenu yote kwenye kundi la familia. Wewe unasema Marekani bangi ni halali, Baba Mkubwa anauliza kama ni halali mbona watu wanafukuzwa kazi, na mwingine akamleta Wajackoyah, yule mgombea urais wa Kenya, na kampeni yake ya 2022, eti Kenya ingelipa deni la taifa kwa bangi. Wajackoyah tumwache alipo. Ninyi wawili kila mmoja ameshika nusu ya jambo, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeshinda bahati nasibu ya viza na unataka kuja kuendesha semi, nusu uliyoishika wewe ndiyo itakayokuponza.

Huku una serikali mbili juu ya kichwa kimoja. Jimbo la Ohio lilipiga kura tarehe 7 Novemba 2023, wengi wakasema ndiyo. Mtu mwenye miaka 21 na kuendelea akaruhusiwa kuwa na bangi hadi wakia mbili na nusu, yaani kama gramu 70, na kupanda miche sita nyumbani. Tangu tarehe 6 Agosti mwaka huu maduka yanaiuza kwa mtu yeyote wa umri huo, kwa risiti na kodi. Lakini sheria ya shirikisho ya 1970 bado inaiweka bangi daraja la kwanza, lile la dawa zilizokatazwa kabisa, benchi moja na heroini. Majimbo yaliyoiruhusu kwa starehe sasa ni 24, na mwezi huu huu Florida imekataa kujiunga nayo: kura za ndiyo zilikuwa karibu asilimia 56, na kule katiba inadai 60. Mwezi Mei Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ishushwe hadi daraja la tatu. Hata ikishushwa, daraja la tatu ni la dawa za kuandikiwa na daktari. Halimfanyi mwenye duka la Columbus kuwa halali mbele ya shirikisho.

Dereva wa semi yuko chini ya shirikisho. Leseni yake inatolewa na jimbo, ila kanuni za kupimwa zinatoka Wizara ya Uchukuzi ya Washington, na wizara hiyo haitambui kura ya Ohio wala kadi ya bangi ya matibabu. Usichanganye hapo. Mpishi, fundi wa kompyuta au muuza nguo anaweza kumpata tajiri asiyepima kabisa. Wewe hutampata, maana hata yeye analazimishwa.

Kabla ya yote kuna daktari wa viza hapo Dar. Atakuuliza kuhusu dawa za kulevya. Akikuta mtu ana tatizo la matumizi ambalo halijapata miezi 12 tangu likome, anamwandika kundi A, na kundi A hapati viza. Kwa ofisa wa ubalozi kuna mtego mwingine: mtu akikiri kwa kinywa chake kwamba alitenda kosa la bangi, anaweza kuzuiwa hata kama hajawahi kufikishwa mahakamani. Wala kudanganya si njia, kwa sababu uongo kwenye ombi la viza ni kizuizi kinachojitegemea na hakina mwisho. Wewe najua hugusi. Ila rafiki yako yule anayejaza fomu na wewe, kama kuna msokoto nyuma yake, amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kwenda kwa daktari, si baada.

Na ukishaingia, kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, haikukingi. Tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imeandika wazi kwamba bangi, hata iliyonunuliwa kihalali jimboni, inaweza kumkosesha mtu uraia kwa kigezo cha tabia njema. Hata kufanya kazi kwenye duka la bangi kunaingia humo. Wapo wanaovutiwa na kazi hizo kwa sababu ziko ndani na kuna hita.

Sasa kipimo chenyewe. Pombe hupimwa kwa pumzi, na namba inayotoka inaeleza kwa karibu hali uliyonayo dakika ile. Mkojo haufanyi hivyo kwa bangi. Kinacholevya ni THC. Ini linaivunja, na yale mabaki yake, ambayo hayana stimu yoyote, yanakaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Stimu ya msokoto inaisha kwa saa chache. Mabaki ya mtu aliyevuta mara moja hukaa kama siku tatu. Ya mvutaji wa kila siku yanaweza kupita mwezi. Kikopo kinasoma hayo mabaki. Kwa hiyo aliyevuta Jumamosi usiku sebuleni kwake, akalala, akaamka mzima, Jumanne anaweza kukutwa na hatia sawasawa na aliyevuta kwenye usukani.

Mabishano makubwa ya huku yapo hapo hasa. Madereva wanasema wanaadhibiwa kwa siku yao ya mapumziko. Wenye malori wanajibu kwamba bado hakuna kifaa cha pumzi cha kuaminika kwa bangi, na lori la tani 36 si mahali pa kubahatisha. Wana hofu nyingine pia: maabara hizi zinapima dawa za daraja la kwanza na la pili, sasa bangi ikishuka la tatu, nani ataruhusiwa kuipima? California na Washington zimejaribu njia ya kati. Tangu 1 Januari 2024, waajiri wengi wa huko hawaruhusiwi kumnyima mtu kazi kwa sababu ya mabaki yasiyo na stimu. Mimi naona hilo ni la haki. Lakini sheria zote mbili zimewaacha nje wanaopimwa kwa amri ya shirikisho, na dereva ni mmoja wao. Mnamkumbuka Sha'Carri Richardson, yule mkimbiaji wa Marekani? Alishinda mita 100 kwenye majaribio ya Olimpiki mwaka 2021 pale Oregon, jimbo lililokwisha kuihalalisha bangi, kisha akafungiwa siku 30 na mbio za Tokyo zikampita. Na kiwango cha wanariadha ni nanogramu 150 kwa mililita moja ya mkojo. Cha dereva ni 50 kwenye mchujo wa kwanza, kisha mashine ya pili inathibitisha kuanzia 15.

Utapimwa kabla ya kuajiriwa, na huruhusiwi kupanda gari mpaka majibu yatoke safi. Chuo cha udereva nacho kitakupima kabla ya kukuachia barabara. Baada ya hapo ni kura: kila mwaka idadi ya vipimo vya ghafla lazima ifike nusu ya madereva, na majina huchaguliwa na kompyuta. Ukiitwa unakwenda saa ile ile. Ukisema utapitia kwanza nyumbani, umeshajiharibia. Ajali mbaya nayo ina kipimo chake, ndani ya saa 32.

Chumba chenyewe ni kidogo, choo cha kawaida tu, isipokuwa maji ya kwenye bakuli ni ya buluu ili usiyachote, bomba limefungwa kwa utepe wa gundi na sabuni imeondolewa. Unavua koti, unatoa vya mfukoni, unanawa mikono mbele ya mchukua sampuli, kisha anakupa kikopo. Kinatakiwa angalau mililita 45. Ubavuni kina ukanda wa joto, na ndani ya dakika nne lazima usome kati ya nyuzi 32 na 38. Hapo ndipo wengi wa mkojo wa kununua hunaswa. Wanaufunga pajani, unapoa. Wanaupasha kwenye maikrowevu, unazidi. Ukanda ukikataa, unatoa sampuli nyingine papo hapo, safari hii mtu wa jinsia yako akikutazama mwili wazi. Ukanda ukikubali, anagawa mkojo mbele yako: mililita 30 chupa ya kwanza, 15 ya pili. Anabandika lakiri, unaandika herufi za jina lako juu yake. Tafadhali usikubali kuandika herufi hizo kabla lakiri haijakaa kwenye chupa, na usiondoke kabla hujaziona zote mbili zimefungwa. Ile chupa ndogo ndiyo rufaa yako.

Wanaoharibu bila kuvuta chochote ni wengi. Kuna anayekunywa maji mengi kwa woga, mkojo ukawa kama wa bomba. Maabara hupima kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, pamoja na wepesi wa mkojo, inaandikwa umezimuliwa na unaweza kurudishwa. Ikiwa chini ya 2, hawakubali kwamba ule ni mkojo wa binadamu, nawe unahesabiwa umekataa kupimwa. Kuna asiyeweza kukojoa: huyo anapewa saa tatu na maji yasiyozidi lita 1.2 hivi, akae pale pale. Akichoka akaondoka, amekataa. Na kukataa ni sawa na kukutwa nayo.

Majibu yakiwa mabaya, daktari mkaguzi anakupigia kabla ya kumwambia tajiri. Pokea namba usizozijua wiki hiyo! Una saa 72 kuomba chupa ya pili ipimwe maabara nyingine. Daktari huyo atakubali dawa uliyoandikiwa kihalali, kwa hiyo kama hospitali imekupa kodeini ya kikohozi, cheti kitunze. Hatakubali hadithi ya moshi wa jirani, wala mafuta ya CBD, ile kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya. Haya mafuta na peremende zake yanauzwa mpaka vituo vya mafuta, kwa kuwa sheria ya kilimo ya 2018 iliruhusu mmea wa katani wenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Lebo inasema sifuri, na hakuna mamlaka ya shirikisho inayoihakiki lebo hiyo kabla chupa haijafika dukani. Peremende za bangi yenyewe ni mtego wa aina nyingine: kipande kawaida ni miligramu 10, kinafanana na jojo za watoto, na stimu yake inaweza kuchelewa hadi saa mbili, hivyo mtu anaongeza cha pili akidhani cha kwanza kimemkosa. Usile kitu cha kwenye bakuli la wageni bila kuuliza.

Mirungi haimo kwenye zile aina tano za dawa ambazo kipimo cha dereva kinazitafuta. Usifurahi. Kathinoni iliyo kwenye jani bichi iko daraja la kwanza, na dereva haruhusiwi kutumia chochote cha daraja hilo, kipimwe kisipimwe.

Aliyekutwa nayo anaingia kwenye daftari la kitaifa linaloitwa Clearinghouse, lililoanza 6 Januari 2020. Kila tajiri mpya analisoma kabla ya kukuajiri, na wewe mwenyewe ndiye unayempa idhini mtandaoni. Jina hukaa miaka mitano, au zaidi kama hujamaliza masharti. Masharti ni kuonana na mtaalamu wa uraibu anayetambuliwa, kufuata anachokuandikia, kupimwa tena ukitazamwa, kisha vipimo vya ghafla visivyopungua sita ndani ya miezi 12. Gharama mara nyingi ni yako. Zamani mtu alihama kampuni, au jimbo, leseni yake ikabaki mfukoni. Mlango huo umefungwa juzi, tarehe 18 mwezi huu: sasa jimbo lenyewe linatakiwa kumwondolea leseni ya malori mpaka amalize masharti yote.

Kwa hiyo fungua akaunti ya Clearinghouse mara tu upatapo kibali cha mwanafunzi wa udereva wa malori, jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye leseni. Majina yetu matatu huwachanganya, na idhini ikikwama wiki nzima unakaa bila gari.

Mwambie Mama nimeona ombi lake la mafuta ya magoti, yale aliyoyaona kwenye simu ya jirani. Ni hayo hayo ya CBD. Yanatoka kwenye mmea ule ule, na ofisa wa forodha pale Dar hana sababu ya kuiamini lebo ya Ohio kuliko ninavyoiamini mimi. Nimempa mtu anayesafiri mwezi ujao tyubu mbili za diklofenaki. Apake kidogo goti zima, asipake penye kidonda, na amwonyeshe daktari wa presha kwanza.

Wasalaam,
Dada yako