YAH: Malalamiko kuhusu medali ya fedha niliyopewa bila kutahiniwa

Kwa Meneja,
Kampuni ya Mafunzo ya Dansi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wenu wa darasa la Jumatano jioni, huu mwaka wa pili. Nalalamika kwa sababu mmenifaulisha.

Tangazo lenu la mtihani wa medali ya fedha lilisema mtahini atatoka nje, kwenye chama kinachotambulika kimataifa. Kwa ajili hiyo nililipa shilingi 180,000 juu ya ada ya kawaida, na risiti ninayo, imeandikwa "ada ya mtahini". Siku yenyewe hakuonekana. Tukaambiwa mwalimu wetu ndiye atakayetutahini. Haya, ila mwalimu huyohuyo ndiye aliyecheza nami. Kucheza na mwalimu si kosa, hata Uingereza wanaruhusu, maana anayepewa alama ni mtahiniwa peke yake. Lakini huko mezani huwa ameketi mtu wa tatu, macho kwenye miguu. Kwenu mezani palikuwa na chupa za maji. Mkono wa kushoto wa mwalimu ulishika wangu wa kulia, na wake wa kulia ulikuwa mgongoni kwangu, chini ya bega. Naomba kujua alama zangu aliziandika kwa mkono upi.

Na alama zenyewe! Walsi niliimudu kiasi, ingawa muziki ulikuwa unatufukuza. Walsi ya kawaida ni mapigo 84 hadi 90 kwa dakika. Kwenye kwikstepi, ile dansi ya haraka, nilipotea kabisa. Nilimkanyaga mwalimu mara mbili, tukasimama, tukacheka, tukaanza upya. Cheti kinasema: "Vizuri sana." Nina miaka 58, jamani, mtu akinibembeleza najua.

Imperial Society ya London, chama cha walimu wa dansi, ilianzishwa 1904, na miaka ya 1920 walimu wake walikaa kukubaliana walsi, foksitroti na tango zichezwe vipi, ili mtu wa Blackpool na wa kwingineko wapimwe kwa kipimo kimoja. Mimi nilikuwa nalipia kipimo hicho. Cheti chenu hakina jina la chama chochote, wala sikupewa karatasi ya maoni ya mtahini. Mwanangu anaishi Leicester, Uingereza. Nilipanga nikienda kwake nianze maandalizi ya medali ya dhahabu. Mwalimu wa huko aliponiuliza medali yangu ya fedha ni ya chama gani, nilibadilisha mazungumzo.

Medali nayo ina mambo yake. Ile picha ya wacheza dansi kumbe ni stika. Ilianza kubanduka nikiwa kwenye daladala, nikaimalizia kwa ukucha. Chini yake yupo mchezaji mpira anapiga penalti.

Ada ya masomo siidai. Mwalimu anafundisha vizuri, nilikuja kwake sijui hata kuhesabu moja-mbili-tatu. Ninachotaka ni shilingi 180,000 zangu, na jina langu liondolewe kwenye ubao wa waliofaulu pale mapokezi. Au mleteni mtahini wa kweli, nami nitacheza upya bila kulipa tena. Akinifelisha, sawa. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani (FCC).

Nimeambatanisha nakala ya risiti, cheti na medali. Stika iko kwenye bahasha ndogo.

Wenu,
Mwanafunzi wa Jumatano jioni