Takwimu za umaskini zichapishwe pamoja na njia iliyozipata

Mhariri,

Magazeti yetu, hili likiwemo, huandika "umaskini umepungua" kwa kuweka asilimia mpya kando ya ile ya zamani. Kabla ya kulinganisha, nawasihi waandishi waulize: je, kaya zilihojiwa kwa dodoso lilelile?

Ushahidi wa uzito wa swali hili umetoka hapahapa nchini. Mwaka 2007 hadi 2008, watafiti walipima matumizi, yaani kipimo kinachotumika kuamua nani ni maskini, ya kaya zipatazo 4,000 katika wilaya saba za Tanzania kwa njia nane tofauti. Tano zilitegemea kumbukumbu: siku 7 zilizopita, siku 14, au mwezi wa kawaida, kwa orodha ndefu ya vyakula au iliyofupishwa. Tatu zilikuwa za kujaza daftari, yaani kuandika matumizi kadiri yanavyotokea. Kaya za kila kijiji ziligawanywa kwa nasibu katika njia hizo nane, na hapo ndipo penye nguvu ya utafiti ule. Mvua, bei na mavuno ni yaleyale, kwa hiyo majibu yakipishana, kilichosababisha ni namna ya kuuliza. Yalipishana kweli, kiasi cha kubadili idadi ya wanaohesabiwa kuwa maskini.

Orodha ikifupishwa hadi "nafaka" na "mboga", mhojiwa husahau muhogo wa kuchemsha na karanga za njiani. Akiulizwa mwezi wa kawaida, hulazimika kukokotoa kichwani jambo ambalo hajawahi kulihesabu. Hata daftari lina tundu lake: likishikwa na mama peke yake, chai na chapati alizokula baba kwa mama lishe hazimo. Ndiyo maana daftari la kila mtu, likifuatiliwa kwa karibu na mdadisi, ndilo lililofanywa kipimo cha kulinganishia mengine.

Kosa la namna hii halifichuki kwa kurudia kipimo. Mdadisi akirudi na orodha fupi ileile baada ya wiki mbili, huenda akapata majibu yanayokaribiana sana. Kipimo kina uthabiti, yaani hurudia jibu lilelile; uhalali, yaani kupima kilichokusudiwa, hakina. Kuongeza sampuli, yaani idadi ya wanaohojiwa, nako hakutibu. Uteuzi wa nasibu wa watu 1,000 una ukingo wa makosa wa takriban asilimia 3 juu au chini; wakiwa 4,000 hushuka hadi karibu 1.5. Lakini muhogo uliosahauliwa na kaya zote hauwezi kurudi kwa kuongeza kaya.

Basi kila habari ya umaskini iseme: ilikuwa kumbukumbu au daftari, ya siku ngapi, orodha ilikuwa na vyakula vingapi, na kazi ilifanyika miezi gani, maana ghala la baada ya mavuno si la Februari. Kama chochote kati ya hivyo kimebadilika tangu duru iliyopita, na hakuna sehemu ya sampuli iliyohojiwa kwa njia ya zamani ili kupata tofauti, asilimia hizo mbili zisiwekwe kwenye grafu moja.

Mtafiti wa takwimu za kaya,
Dodoma