Kwa kaka yangu, uliyesema baba hakuacha kitu

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei. Ujumbe niliokutumia Ramadhani una alama mbili za buluu tangu usiku uleule, kwa hiyo najua umeusoma. Wifi ameniambia kwamba huku mtandaoni huwa unapita, basi nakuandikia huku. Wengine watakaosoma wanisamehe. Haya ni maneno ya nyumba moja, ila ndani yake mna habari za sinema, na sinema ni ya kila mtu.

Tangu ulipopanda ndege kurudi London nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu *Ben-Hur*, ile sinema ya Kimarekani ya mwaka 1959. Nimesoma usiku, mama akishalala, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nilikuwa nakutafutia jibu. Na jambo la kwanza nililolikuta ni kwamba ulisema kweli. Katika yale mashindano ya magari ya farasi hakufa mtu. Wale tunaowaona wakikanyagwa ni masanamu yenye viungo, yamevishwa nguo na kutiwa uzito yaanguke kama watu. Nakubali, tena nakubali hadharani.

Lakini kaka, ulikuwa na haja gani ya kuyasema siku ile?

Bado nakiona kile kibaraza. Khitma imekwisha, watu wametawanyika, wamebaki wazee watano au sita na sinia la kahawa. Yule rafiki yake baba, aliyekuwa akichana tiketi mlangoni mwa ukumbi wa sinema zama baba akiendesha mashine za picha, akaanza kusimulia kama walivyosimuliana miaka hamsini: dereva aliruka na gari lake, akafa palepale, na Wamarekani wakakiacha kifo chake ndani ya picha. Alikuwa anamlilia mwenzake, kaka. Kila mtu pale alijua kwamba analia. Wewe ukatoa simu. Ukasoma kwa Kiingereza, kisha ukatutafsiria polepole kama unayemsomesha mtoto. "Hakuna aliyekufa, mzee. Ni uzushi." Ungeishia hapo tungecheka tukamimina kahawa nyingine. Ukaongeza: "Baba alikuwa na maneno matamu. Ndiyo maana hakuacha kitu."

Yule mzee alikuwa na kikombe mkononi. Alikirudisha kwenye sinia bila kukinywa, akakiweka taratibu kisigongane na vingine. Akavua kofia, akaitazama kwa ndani kama kuna kitu amekisahau humo, akaivaa. Akaaga. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Najua alisikia, maana nilikuwa nimesimama naye, nimeshika sahani ya visheti.

Sasa nisikilize na mimi. Baba alikosea habari ya kifo, lakini ajali hakuibuni. Ilitokea Roma, kwenye studio za Cinecittà, mwaka 1958. Gari la steringi lilitakiwa liruke juu ya mabaki ya magari yaliyovunjika. Charlton Heston, huyo steringi, hakuruhusiwa kulifanya hilo mwenyewe, nafasi yake akashika Joe Canutt, mtoto wa Yakima Canutt, na huyo Yakima ndiye aliyewafundisha wote kuendesha. Farasi wakaruka, gari likafuata, kijana akarushwa kichwa mbele kupita juu ya ukingo wa gari. Akaning'inia kule mbele, nyuma ya kwato za farasi wanne wanaotimka, kisha akajivuta akapanda tena. Alichopata ni jeraha la kidevu, likashonwa. Na ile ajali kweli waliiacha ndani ya picha. Walimpiga picha Heston peke yake kwa karibu, anapanda kurudi garini, wakaunganisha. Itazame tena utaona.

Basi baba na wenzake, vijana wa Tanga waliokiona kipande kile usiku baada ya usiku kupitia kitundu cha ukuta, waliona mtu anarushwa kweli. Jicho lao halikuwadanganya. Kilichozidishwa ni mwisho wake tu. Tena hata huo mwisho una asili. Kulikuwa na *Ben-Hur* nyingine kabla, ya mwaka 1925, isiyo na sauti. Francis X. Bushman, aliyekuwa adui ndani ya picha ile, alisimulia uzeeni kwamba walipokuwa Roma gurudumu lilivunjika na dereva akafa. Habari ya picha ya kwanza ikaingia kwenye ya pili, ikavuka bahari, ikafika Ngamiani. Hivyo ndivyo habari zinavyosafiri. Mtu aliyeipokea na kuipeleka mbele humwiti mwongo.

Unakumbuka Pasaka kwa jirani. Wali wa nazi, soda moja watoto wawili, na televisheni iliyofunikwa kitambaa mpaka baba wa nyumba aje aifunue mwenyewe. Sinema ile ina saa tatu na nusu na baba yetu hakuinuka hata mara moja. Mimi nilikuwa natazama mkono wake. Kila baada ya muda, pembeni juu upande wa kulia, kilitokea kinukta cheusi, mara moja tu, ukipepesa macho umekikosa. Na kidole cha baba kilishtuka. Watu hawajui kinukta kile ni cha nini. Mkanda mmoja haukutosha picha nzima, kwa hiyo chumba cha mashine kilikuwa na mashine mbili. Kinukta cha kwanza kinamwambia mwendeshaji aiwashe mota ya mashine ya pili, cha pili kinamwambia hamisha sasa. Akichelewa, ukumbi mzima unaona kitambaa cheupe na kuanza kupiga miluzi. Ukumbi wa sinema ulikuwa umeshafungwa na mashine zimeng'olewa, ila kidole chake kilikuwa bado kazini, kwenye televisheni ya jirani.

Na farasi! Yule shehe wa Kiarabu na farasi wake wanne weupe, anaowaita majina ya nyota: Antares, Aldebaran, Rigel, Altair. Baba alitufasiria kwa Kiarabu chake cha chuoni. Rigel ni rijl, mguu. Altair ni arukaye. Ukaruka wewe kabla sijafungua mdomo: "Mimi Altair!" Mimi nikapewa mguu. Nililia. Baba akaniambia farasi wa mguu ndiye anayeshika gari lisipinduke. Sijui kama ni kweli. Sikuwahi kuitafuta hiyo kwenye simu na sitaitafuta.

Farasi wenyewe walinunuliwa Yugoslavia na Sicily, 78, miaka miwili kabla ya picha kutoka ukumbini. Uwanja wa mashindano ulichongwa ndani ya machimbo ya mawe, ekari 18, mafundi elfu moja, zaidi ya mwaka. Mchanga wa kuufunika, tani 40,000 hivi, ulisombwa kutoka fukwe za Mediterania. Hebu fikiria, kaka, mchanga wa pwani kubebwa kama saruji. Uwanja peke yake ulikula dola milioni moja. Waliyapiga picha mashindano yale kwa wiki tano ili sisi tutazame dakika tisa. Na katika dakika hizo tisa hakuna muziki. Miklós Rózsa, mtunzi wa muziki wake, alijaza muziki picha yote iliyobaki, akaipigia na maandamano ya kuingia uwanjani, kisha tarumbeta zikanyamaza zikabaki kwato na magurudumu. Baba alikuwa akisema hapo ndipo aliposikia mashine yake mwenyewe inavyopumua.

Nilipofika kwenye hesabu ya fedha nililia. Kampuni ya MGM, wenye picha ile, wakati ule ilikuwa taabani. Televisheni imewachukulia watazamaji, hasara juu ya hasara, kufilisika kumepiga hodi. Wakachukua dola milioni 15 wakaziweka kwenye sinema moja. Hakuna sinema kabla ya hiyo iliyowahi kugharimu kiasi hicho. Isingeshika, wasingebaki na kitu. Watu wa mahesabu lazima waliwaona wehu.

Baba alikuwa na shamba la minazi Pangani. Unalijua, tulikuwa tunakwenda likizo, ulianguka kutoka mnazi wa tatu karibu na kisima. Lile shamba ndilo nauli yako ya kwanza ya London na ada ya mwaka wako wa kwanza. Ulidhani alikopa, ndivyo alivyokuambia, ili usiende na deni la huruma kifuani. Hakukopa. Aliuza lote, mpaka kisima. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nilimwona anarudi kutoka kwa mnunuzi na zile karatasi ndani ya kanzu. Kwa hiyo unaposema hakuacha kitu, sawa, hakuacha. Alichokuwa nacho alikiweka chote mahali pamoja, na mahali penyewe pakasimama barazani siku ya khitma pakasema hayo.

Nisikuseme wewe tu. Najua ulianza kukasirika kabla ya khitma, tangu ulipoingia uani ukaviona vile vyumba viwili vya nyuma havina bati. Ulituma hela za bati mara mbili. Ulitazama juu, ukaona mawingu, hukuuliza. Ukahesabu kimoyomoyo kwamba mzee amezila.

Hela zile nilizitumia mimi. Zilikwenda kwenye dawa na kwenye gari la kumpeleka hospitali na kumrudisha, miezi minne. Kila ulipopiga nikakuambia presha tu, anaendelea vizuri, amelala. Alikuwa amelala kweli, karibu yangu, ananionyesha kwa mkono nisiseme. "Usimkatize kazi yake." Hilo alilisema mara ngapi sijui. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungemvunja neno mgonjwa anayekushika mkono? Nilimtii baba. Mtoto anayebaki nyumbani ndiye anayepewa amri za kutii, wa mbali anapewa salamu. Niliosha shuka, nilipanga foleni, nilijifunza kupiga sindano kwa chungwa. Sikununua hata khanga kwa hela yako. Daftari ninalo, kila shilingi imeandikwa, njoo ulione.

Na siku ile barazani ningeweza kusema. Ningetoka na ile sahani ya visheti nikasema bati ni mimi, mzee hana kosa. Sikusema. Watu walikuwa wengi, na mama alikuwa amenishika mkono, na nilijiambia si mahali pake. Sijui nitajiambia hivyo mpaka lini. Lakini neno lako lilikuwa lako, kaka, hata kama bati lilikuwa langu. Mtu anaweza kukosewa hesabu asimvunjie heshima maiti.

Kuna jambo jingine nililolisoma, nikafunga simu nikakaa gizani. Mtayarishaji wa ile picha, Sam Zimbalist, aliyeibeba kazi yote, alikufa kwa moyo hukohuko Roma mwezi Novemba 1958, wakati bado wanapiga picha. Hakuiona imekamilika. Ilipopata tuzo 11 za Oscar mwaka 1960, na ya picha bora ikiwemo, aliyepanda jukwaani kuipokea hiyo ni mjane wake.

Mama hajapokea chochote. Anakaa kwenye nyumba yenye vyumba viwili vya wazi, mvua za masika zimeingia mpaka ukumbini, na kila jirani akiuliza anasema mwanangu ataezeka. Hajawahi kusema vingine.

Ukija, usianzie nyumbani. Anzia kwa yule mzee. Yupo palepale, ila miguu imevimba hatoki tena. Kaa naye chini, mwache akusimulie mashindano tangu tarumbeta mpaka mwisho, na akifika kwa dereva amuue tu. Unywe kahawa yake. Haya ninayokushauri ningeyafanya mimi, nimekwenda mara tatu, lakini kila nikifika ananiuliza habari zako, na mimi nasema mzima, anasalimia, naongopa tena kama nilivyozoea.

Mama amekuwekea kanzu ya baba, ile nyeupe ya Idi. Nimemwambia itakuwa fupi kwako. Amesema atafumua pindo, liko refu, alilikunja mwenyewe.